Binti Yangu Anataka Kumuaga Mama Yake Kwenye Televisheni

Shangazi Odile,

Safu yako naisoma kila wiki wakati wa mapumziko, kule chini mgodini, wenzangu wakinicheka kwamba nasoma mambo ya akina mama, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mimi ndiye nitakayekuandikia, lakini nimefika mahali sijui mbele wala nyuma, na Jumatatu natakiwa kusema ndiyo au hapana, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake, kwa hiyo niazime akili yako kidogo maana yangu imegoma.

Mimi ni fundi umeme wa mgodi hapa Sudbury, mgane, nina mtoto mmoja tu, msichana wa miaka kumi na sita. Nitamwita Maelle, na majina mengine yote humu nimeyabadilisha pia. Mama yake, Josée, alifariki majira ya baridi, huu sasa unakwenda mwaka wa tatu. Aliingia hospitali kwa jambo dogo, nyongo tu, akafanyiwa upasuaji, akawa anatania na wauguzi, halafu damu ikaingia sumu na mambo yakageuka kabla hatujaelewa kinachoendelea. Maelle hakuwepo. Alikuwa amekwenda Timmins na timu ya voliboli ya shule, na hakutaka kwenda, ni Josée mwenyewe aliyemsukuma, akamwambia, "Nenda bwana, utakaa hapa unikodolee macho? Ukirudi utanikuta nyumbani nakula aiskrimu kwa amri ya daktari." Basi akaenda, na theluji ikaanguka ile theluji ambayo hata sisi tuliozaliwa huku tuliiona si ya kawaida, barabara kuu ikafungwa, timu nzima ikalala juu ya mikeka ya mazoezi kwenye ukumbi wa shule ya watu, na barabara ilipofunguliwa Josée alikuwa ameshaondoka. Mimi nilikuwepo, nilimshika mkono, basi.

Maelle alipofika nyumbani, Shangazi, hakulia. Nyumba ilikuwa imejaa watu, mama mkwe wangu Fernande anapiga kelele jikoni, na mtoto akaingia, akaweka begi chini, akaniuliza kama mashine ya kufulia iko wazi kwa sababu jezi zake zinanuka. Nikamwambia iko wazi. Akaenda kufua. Na tangu siku ile sijamsikia akitamka neno "Mama". Akilazimika kumtaja husema "yeye", au husema "wakati ule". Vinginevyo mtoto ni mzima, anacheka, anafaulu, anaosha vyombo bila kuambiwa, na watu wote waliniambia, mwache, atasema akiwa tayari, nami nikamwacha.

Sasa hapa ndipo inapoingia hii tamthilia. Bila shaka unaijua, *Kengele ya Pili*, ile ya watoto wa sekondari wanaopendana na kugombana kwenye korido, inarekodiwa kwenye ile shule yetu iliyofungwa upande wa kusini. Walipokuja mara ya kwanza walitaka wanafunzi wa kupitapita nyuma ya waigizaji wakiwa wamebeba vitabu, Maelle akaenda na rafiki yake kwa ajili ya kucheka tu. Wakampa sentensi moja ya kusema, "Hicho ni kiti changu." Sijui aliisema vipi, lakini wakamwita tena, na msimu wa pili wakampa jina, akawa Teagan, yule msichana mkimya ambaye mama yake ndiye muuguzi wa shule.

Jioni ya kwanza ya kumwona akiwa Teagan tulikaa sebuleni sisi watatu, mimi, Fernande, na Maelle katikati na bakuli la bisi. Teagan akaingia kwao kwa mlango wa jikoni, akatupa begi, akasema, "Mama, kuna chochote cha kula?"

Shangazi, niliinuka nikaenda gereji. Nikajifanya natafuta koleo la theluji. Fernande akanifuata, ananishika mkono, ananiuliza kwa kunong'ona, "Umemsikia? Umemsikia alichosema?" Nikamwambia nimemsikia. Tuliporudi, Maelle anatafuna bisi na kulalamika kwamba wamemchana nywele vibaya, utafikiri kamwagiwa mafuta.

Tangu hapo kila wiki namsikia binti yangu akisema neno lile kwa mwanamke mwingine. "Mama, sikiliza." "Mama, toka chumbani kwangu." Mama huyo ni mwigizaji aitwaye Glenna, mwanamke mzuri tu, sina ubaya naye, anampa Maelle skafu zake na kumsuka nywele wakisubiri taa zipangwe. Lakini nyumbani sasa ni Glenna kasema hivi, Glenna anafikiri vile, na mimi, mtu mzima, nimewahi kukaa ndani ya gari nikimwonea wivu mwanamke ambaye kazi yake ni kujifanya. Na kuna sehemu moja Teagan alilia, alilia hasa, mpaka nikamuuliza Maelle, yale machozi ulikuwa unawaza nini? Akanijibu, "Wanapaka dawa ya mnanaa chini ya macho, Baba. Inawasha balaa." Sasa mimi nisadiki nini? Akicheka mezani namtazama nikijiuliza kama anacheka au anaigiza kucheka ili nisiwe na wasiwasi. Sijui tena mwanangu ni yupi.

Juzi akanipigia simu Darya, mwanamke anayewaongoza waandishi wa tamthilia, akaniomba nipite ofisini kwao. Nikaenda na nguo za kazi. Akanikaribisha kahawa, akazungukazunguka, mwishowe akasema msimu huu mama yake Teagan atafariki. Ataugua, atalazwa, na kutakuwa na sehemu ndefu Teagan akiwa kando ya kitanda mpaka mwisho, na kwa kuwa Maelle hajafikisha umri hawawezi kuirekodi bila ridhaa yangu.

Nilichemka. Nilimwambia, "Ninyi mna akili kweli? Mji mzima unajua yaliyompata mtoto huyu! Mmekosa kisa kingine chote mpaka mchukue chake?"

Darya akaweka kikombe chini. Akasema, "Samahani sana, nilidhani unajua. Wazo si letu. Ni la Maelle."

"La Maelle vipi?"

"Alikuja hapa, akafunga mlango, akaniuliza kama Teagan anaweza kufiwa na mama yake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, 'Lakini awepo. Nataka awe chumbani.' Sikumjibu siku ile. Akarudi tena, na tena."

Nilirudi nyumbani nikiwa sioni barabara. Nikamkuta Maelle jikoni anakaanga mkate wa jibini, redio inaimba. Nikaizima. Nikamwambia nimetoka kwa Darya.

"Aa," akasema, bila kugeuka. "Ni kazi tu, Baba."

"Hiyo si kazi tu."

"Haya, si kazi tu. Unataka niseme nini?"

"Kwa nini hukuniambia mimi kwanza?"

"Ungekataa."

"Ungejuaje? Hujaniuliza."

Akageuza mkate, ukawa umeshaungua upande mmoja, akautazama tu. "Nikuulize nini? Huwa hatuulizani chochote humu ndani."

"Maelle, mtu hawezi kurudisha kitu kama kile kwa kuigiza. Huyo ni Glenna. Ni mtu mwingine."

"Najua ni nani. Mimi si mtoto mchanga." Halafu akasema, taratibu, "Wewe ulikuwepo." Akaweka ule mkate kwenye sahani yangu, akapanda juu. Nilipoinuka kumfuata akanigeukia kwenye ngazi akasema, "Ukikataa sitakuchukia, usiogope. Sitasema kitu tu." Na hilo, Shangazi, ndilo lililonitia hofu kuliko kama angenitukana.

Fernande nilipomwambia alikaa chini kwanza, kisha akasema, "Ukimruhusu, utakuwa umemzika binti yangu mara ya pili mbele ya kamera, na usinialike." Hajanipigia simu tangu hapo, yeye ambaye hunipigia hata kuniuliza kama nimekula. Mwenzangu mmoja kule mgodini yeye anasema, "Mwache mtoto bwana, kuna watu wanamlipa daktari wa akili miaka kumi watafute kitu hicho hicho." Mwalimu wake anasema ni hatari. Dada yangu anasema ni sanaa. Mimi nasimama katikati kama nguzo.

Nikikataa, nahisi nitakuwa nimemfungia barabara mara ya pili. Nikikubali, je, nitakuwa nimewauzia watu maumivu ya mtoto wangu wayatazame wakila chakula cha jioni? Na akilia pale, atakuwa anamlilia Josée au Glenna? Na asipolia, Shangazi? Asipolia hata pale, itakuwaje? Nisaidie. Jumatatu ndiyo hiyo inakuja.

Baba wa Sudbury

*

Baba Maelle,

Pole. Pole ya dhati, na pole ya kusimama katikati kama nguzo huku kila mtu akikufunga kamba yake. Waambie hao wenzako wa mgodini kwamba nimeshajibu barua za wanaume wengi, na wengi wao huanza kwa kusema hawanisomi.

Sasa kaa chini nikugombeze.

Barua yako ni ndefu, nami nimeisoma mara mbili. Umenieleza theluji. Umenieleza mikeka ya mazoezi, bisi, skafu za Glenna, mkate ulioungua upande mmoja. Una jicho la kuona vitu, nakupa hongera. Lakini kuhusu chumba alichofia mkeo umeandika sentensi moja. Nimeitafuta nyingine sikuiona. "Mimi nilikuwepo, nilimshika mkono, basi." Basi? Baba Maelle, hiyo "basi" umeitoa wapi? Na kama mimi, mtu baki, umenipa sentensi moja, binti yako umempa ngapi? Niambie ukweli. Nadhani hujampa hata hiyo.

Mtoto amekuambia kwa mdomo wake, "Wewe ulikuwepo." Ukaandika maneno hayo, ukaweka nukta, ukaendelea kunieleza habari za ngazi. Hukusikia alichokuwa anakuomba. Msichana huyu kwa karibu miaka mitatu anaishi nyumba moja na mtu pekee aliyekuwa mle ndani, na mtu huyo hafungui kinywa, kwa hiyo amekwenda kwa mwandishi wa tamthilia kumwomba amtungie. Ametaka kujua mule ndani kulikuwaje, na kwa kuwa baba yake kanyamaza ameona bora apewe hata cha kubuni. Na wewe umekaa kwenye gari unamwonea wivu Glenna! Glenna hana kosa. Amekaa tu kwenye kiti ulichokiacha wazi.

Najua kwa nini umenyamaza. Ulidhani unamngoja. Kila mtu alikuambia atasema akiwa tayari, na ushauri huo ni mzuri kwa jirani, si kwa baba. Yeye naye alikuwa anakungoja wewe. Ninyi wawili mmekaa mnapishana kwa adabu mpaka majira ya baridi yamekwisha mara mbili. Inatosha.

Umeniuliza machozi yake yatakuwa ya nani. Sijui, naye hatajua, na hata wewe ukilia gereji hujui kama unamlilia Josée au unajililia mwenyewe. Achana na swali hilo. Wala usimkague mtoto akicheka mezani. Akicheka, cheka.

Fanya hivi. Kabla ya Jumatatu, mwambie. Usimkalishe kwenye kochi mkatazamana kama mko mahakamani, maana ataingia ndani ya gamba lake na wewe utaingia lako. Tafuteni mahali ambapo macho yana kazi nyingine, mkiendesha gari, mkikunja nguo, popote. Anza na kitu kidogo. Dirisha lilikuwa upande gani. Alikuwa amefunikwa blanketi la rangi gani. Nani aliingia, nani alitoka, alisema nini wakati bado anaweza kusema, na alipoacha kusema ulifanya nini. Usipambe. Akikuuliza kama mama yake alimtaja, na hakumtaja, mwambie hakumtaja. Watoto wanaonusa uongo hawaurudii mlango uliowapa uongo. Ukishindwa katikati ukalia, lia, endelea. Hakuna anayekuhukumu.

Ukishamaliza, ndipo umuulize kama bado anaitaka ile sehemu. Akisema haitaki tena, mpigie Darya umwambie hapana, na usitoe maelezo. Akisema bado anaitaka, mpe ridhaa yako, na usiitoe kwa uso wa mtu anayepelekwa kunyongwa. Ila weka masharti. Uwe ndani ya jengo siku hiyo, mahali anapoweza kukufikia kwa miguu yake. Glenna aelezwe wazi kila kitu, asije akashtukizwa. Maelle apewe neno lake la kusimamisha kamera, akilitamka watu wazime bila kuuliza. Na Darya akuahidi mbele ya shahidi kwamba hakuna atakayesimulia habari za Josée ili kuvutia watazamaji. Akisita hata kidogo kwenye hilo la mwisho, ondoka na mtoto wako.

Na Fernande usimwache hivyo. Unadhani amekukasirikia. Huyo ni mama aliyefiwa na mwanawe, na nina hakika naye hajasimuliwa chumba kile. Mpelekee pai, kaa jikoni kwake, msimulie naye. Halafu mwambie siku ya kurekodi ni lini. Aje au asije ni juu yake, lakini asikie kwako.

Mwisho, akitoka mle ndani usimrukie na maswali ya unajisikiaje, unajisikiaje. Mpe koti lake. Muulize kama ana njaa.

Shangazi Odile

*

*Baba wa Sudbury alituandikia tena baada ya wiki kadhaa. Amekubali tuchapishe.*

Shangazi Odile,

Nilimwambia tukiwa kwenye mashine ya kuosha magari, ile unayoingia ukiwa ndani ya gari. Gari lilikuwa jeupe kwa chumvi ya barabarani, tukaingia, yale mabrashi makubwa yakaanza kuzunguka, kioo kikajaa povu, hakuna pa kutazama, nikaona ndiyo sasa. Nikaanza na dirisha kama ulivyoniambia. Lilitazama maegesho. Nikamwambia mama yake alikuwa na soksi zangu za mgodini miguuni kwa sababu za hospitali zilikuwa nyembamba. Maelle akauliza, "Aliniulizia?"

Nikamwambia, "Asubuhi. Aliuliza kama mmeshinda."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia sijui, simu hazishiki."

Akasema, "Tulifungwa seti zote, Baba. Vibaya sana." Na sijui kwa nini, Shangazi, tukaanza kucheka, tukacheka mpaka mabrashi yakasimama na mtu wa nyuma yetu akapiga honi. Tukalipia tukaingia tena. Mara ya pili nikamsimulia yaliyobaki. Mchana Josée hakusema tena kitu cha kueleweka, hakuwa na neno la mwisho, na mimi nilizungumza naye habari za theluji kwa sababu sikuwa na kingine cha kusema. Hayo yote nilimwambia hivyo hivyo.

Bado aliitaka ile sehemu. Nikakubali. Darya aliyapokea masharti yote bila kusita.

Siku hiyo nilikaa kwenye korido ya ile shule ya zamani, kwenye benchi, makabati ya wanafunzi mbele yangu. Fernande alikuja. Nilikuwa nimemsimulia jikoni kwake, akasikiliza amefumba macho, na hakuniahidi kuja, lakini alikuja na koti lake la kanisani, akakaa kando yangu, mkoba juu ya magoti. Darasani, palipogeuzwa chumba cha hospitali, wakarekodi. Tulisikia sauti tu, hatukusikia maneno. Kisha tukasikia mtu anaita, "Kata!" na viti vikisogezwa.

Mlango ukafunguka, Maelle akatoka peke yake. Vipodozi vya Teagan viko usoni, uso wenyewe mkavu. Nikamshikia koti. Nikamuuliza kama ana njaa.

Hakulichukua koti. Akasema, "Baba, Glenna aliamka."

Sikuelewa. Nikasema, "Ee?"

"Walipomaliza. Alikuwa amekufa, nimemshika mkono, wakasema kata, akaamka. Akakaa kitandani akaomba chai." Akashika mkono wa lile koti. "Aliamka tu hivi. Akaomba chai. Na Mama hakuamka. Mama hakuamka, Baba."

Fernande ndiye aliyemfikia kwanza. Mkoba ulianguka, vitu vikatawanyika sakafuni, akamkumbatia na mimi nikawakumbatia wote wawili, na mtoto akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa mdogo wa kubebwa, analirudia lile neno, Mama, Mama, akalia mpaka kola ya koti la bibi yake ikawa nyeusi kwa wanja.

Mlango ukafunguka tena. Ni Darya, amekuja kusema wanahitaji kurudia mara moja kabla taa hazijahamishwa. Fernande akainua mkono mmoja bila kumwachia Maelle, bila hata kugeuza kichwa. Darya akatutazama, akarudi nyuma, akaufunga mlango polepole mpaka kitasa kikalia, na kule ndani tukamsikia akiwaambia wote wakae chini.